Andikeni mshahara, futeni miaka

Hotuba niliyoitoa Dodoma mbele ya wahitimu, wazazi na waajiri wa ofisi ndogondogo. Nimeiandika kama nilivyoisema, tangu salamu ya Kigogo.

Mbukwenyi! Mbukwenyi tena!

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa meza kuu, waajiri wenzangu, wazazi wetu mliotoka Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Chamwino mkaacha shughuli zenu leo, na ninyi wadogo zangu mliohitimu: itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika ishirini, nina jambo moja.

Naomba nianze kwa kusoma. Tangazo hili nililikuta kwenye nguzo ya umeme njia ya Sabasaba, nikalinakili. Jina la mwenye nalo nimeliacha huko huko nguzoni.

"Anahitajika Msaidizi wa Uhasibu, nafasi ya kuanzia. Awe na shahada ya uhasibu. Uzoefu usiopungua miaka mitano. Umri miaka 22 hadi 25. Awe na leseni ya udereva, ajue kutengeneza matangazo ya mitandaoni, azungumze Kiingereza fasaha, awe na mvuto, awe tayari kufanya kazi muda wowote atakapohitajika. Mshahara: maelewano."

Wazazi, tuhesabu pamoja, maana ninyi ndio mliolipa ada. Mtoto ameanza darasa la kwanza ana miaka 7. Shule ya msingi miaka 7, ni 14. Sekondari hadi kidato cha nne, ni 18. Kidato cha tano na sita, ni 20. Chuo miaka mitatu, ni 23. Hapo hajaugua, hajarudia darasa, hajakaa nyumbani kusubiri matokeo, hajaenda JKT. Akifika 25 ana miaka miwili tu tangu avae joho. Ile mitano ameitoa wapi? Ingebidi awe alikuwa anafunga hesabu za kampuni huku amevaa sare za kidato cha sita.

Mtu wa namna hiyo hayupo. Atakayepenya kwenye tangazo hili ni yule aliyejaza uongo kwenye CV yake. Yule mkweli, aliyeandika "nimehitimu mwaka jana", anaishia mlangoni. Halafu mwajiri huyo huyo anatafuta mtu mwaminifu wa kumkabidhi hela.

Nisingesimama hapa kumsema mwenzangu wa kwenye nguzo kama mimi mwenyewe sikuwahi kufanya hivyo. Niliwahi. Mwaka 2019 ofisi yangu ya huduma za uhasibu ilikuwa na watu watatu. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, wateja walikuwa wanaongezeka: nyumba za wageni, maduka ya vifaa vya ujenzi, wakandarasi wadogo. Kila mmoja anataka ritani yake ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, iwe imeingia kufikia tarehe 20, na kodi ya mishahara kufikia tarehe 7. Kazi ilituzidi. Nikachukua tangazo la ofisi nyingine, nikafuta jina lao, nikaweka la kwangu. Lilikuwa limeandikwa "uzoefu miaka mitatu", nikaiacha mitatu ilivyo. Sikujiuliza mitatu ya nini.

Wiki moja baadaye nilikuwa na maboksi mawili yaliyojaa bahasha za kaki. Waajiri mnajua hali hiyo. Mnajua pia kwamba wingi huo si wa ofisi zetu ndogo peke yake. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Gawanyeni: watu zaidi ya 84 kwa kiti kimoja. Mwaka 2014 vijana zaidi ya 10,000 walifurika Uwanja wa Taifa kule Dar es Salaam kwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Kwa hiyo mwajiri mwenye bahasha mia tatu mezani na saa moja ya kuzisoma anatafuta chujio, na chujio la haraka kuliko yote ni miaka. Aliye na mitatu upande huu, asiye nayo upande ule. Zimebaki bahasha ishirini, amepumua.

Hapo ndipo naomba waajiri wenzangu tusemezane ukweli. Hayo masharti hatukuyaandika kwa sababu kazi inayahitaji. Tuliyaandika ili kupunguza bahasha.

Mimi chujio langu lilimwangusha binti mmoja wa Mpwapwa. Sitamtaja jina, lakini sura yake naiona hadi sasa. Msaidizi wangu alimwita kwenye usaili kwa makosa, hakuwa na hiyo miaka mitatu. Nilikuwa dirishani. Nikamwona anakuja kwa miguu, akasimama chini ya mwarobaini nje ya ofisi, akavua kandambili zilizojaa vumbi, akazifunga kwenye mfuko wa nailoni, akatoa viatu vyeusi kwenye mkoba, akafuta kisigino cha kimoja kwa kiganja, kisha cha pili. Akavaa. Akasimama kidogo kama mtu anayesali. Ndipo akabisha hodi.

Faili lake lilikuwa safi. Vivuli vya vyeti vina mhuri wa wakili, na kila mhuri ameulipia. Nikamuuliza uzoefu. Akasema amejitolea kwenye ofisi moja miezi kumi na minne. Kujitolea, sote tunajua maana yake siku hizi: kufanya kazi ya ofisi kila siku kama wengine, mwisho wa siku unapewa nauli, na siku nyingine hata nauli hupewi. Nikampa taarifa ya benki ya mteja wangu na daftari lake la fedha, nikamwambia alinganishe. Akakaa pembeni nusu saa. Akarudi na karatasi moja: hundi mbili bado hazijafika benki, na makato ya benki ya miezi miwili hayajaandikwa daftarini. Alikuwa sahihi. Mfanyakazi wangu wa zamani alikuwa ameihangaikia hesabu hiyo hiyo siku nzima.

Nikamwomba barua ya pale alipojitolea. Akainama. "Mama, walisema barua ni za walioajiriwa."

Nikamwambia tutakupigia. Nikamchukua kaka mmoja mwenye miaka minne ya uzoefu, kijana mzuri, mchapakazi, aliyekaa nami miezi minne akaondoka alipopata pa kumlipa vizuri zaidi. Simlaumu hata kidogo. Nilipompigia yule binti, simu haipatikani. Nimejaribu tena na tena. Mpaka leo sijampata.

Sasa nauliza: ile miezi kumi na minne, nani aliigharamia? Kwenye usaili alinieleza mwenyewe. Chumba alikuwa analipiwa na kaka yake anayeendesha bodaboda. Unga ulikuwa unatoka nyumbani, baba anautuma kwa basi. Yaani mkulima wa Mpwapwa, ambaye mvua zikigoma anapungukiwa chakula chake mwenyewe, ndiye aliyekuwa anagharamia hesabu za kampuni ya mjini zifungwe kwa wakati. Ofisi ikapata kazi ya bure, na binti akatoka bila hata barua. Kisha nami nikaja na tangazo langu, nikamwambia hiyo haihesabiki.

Uzoefu haumei wenyewe kama nyasi za masika. Unatengenezwa kazini, na mtu fulani anaulipia: muda wa kumwelekeza kijana, makosa yake ya mwanzo, mshahara wake wakati kijana mwenyewe bado ni mzito kazini. Tunapoandika "miaka mitatu" kwenye nafasi ya kuanzia, tunasema gharama hiyo ilipwe na mwingine. Na huyo mwingine, ndugu zangu, amekaa hapa mbele yangu na kitenge chake, amekuja kumsindikiza mwanawe.

Nenda Hombolo au Mpunguzi kwa wakulima wetu wa zabibu. Wanachomeka vipande vya mzabibu, wanamwagilia, wanapogoa, na mwaka wa kwanza wanakula hasara. Sijaona hata mmoja anayekwenda kununua mche akadai uwe umeshazaa misimu mitatu.

Najua mtaniambia nini, kwa sababu nami nilikuwa nasema hivyo hivyo. Mtasema: namfundisha, akishaiva anaondoka. Na je, nikikosea, nikachukua asiyeweza?

Nianze na la pili, kwa sababu waajiri wengi wadogo hawalijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 35, inasema masharti ya kuachishwa kazi isivyo halali hayamhusu mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo. Maana yake unayo miezi sita ya kumwona mtu kwa macho yako. Sisemi muwafukuze vijana kila mwezi wa tano, atakayefanya hivyo ana lake. Ninachosema ni kwamba hofu hiyo ya kukosea, sheria imeshaitazama, na hiyo miaka mitatu haiwaongezei kinga yoyote.

La kuondoka nalo nina la kusema. Mwaka 2021 nilimchukua kijana asiye na uzoefu hata wa siku moja. Nikaandika daftarini kila alichojifunza. Wiki ya kwanza alikuwa anapanga risiti za mashine ya EFD kwa tarehe. Mwezi wa pili aliandaa ritani nikiwa nimekaa pembeni yake. Mwezi wa tatu aliiandaa peke yake, nikaikagua, nikakuta kosa moja. Miezi mitatu! Kile nilichokuwa nadai kwa miaka mitatu kilipatikana kwa miezi mitatu, na bado yupo nami. Yupo kwa sababu nampandishia. Wanaoondoka wanafuata mshahara, na hapo ndipo penye uchungu wenyewe.

Tuizungumzie hela waziwazi. Chukueni mshahara wa laki tatu, ambao nimeukuta kwenye mikataba mingi ya wahitimu niliyoletewa. Laki tatu. NSSF asilimia 10, ni 30,000. Imebaki 270,000, na hapo kodi ya mshahara haimgusi. Lakini alisoma kwa mkopo, na Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, ni 45,000. Mkononi anapokea 225,000.

Ana chumba kimoja Nkuhungu, tuseme 50,000. Kazini anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, tuseme 600 kila moja, siku 26: ni 62,400. Chakula, tumbane kabisa, 4,000 kwa siku, asubuhi mpaka usiku: ni 120,000. Jumlisheni. Ni 232,400. Ameshapitiliza kwa 7,400, na hajanunua maji, umeme, sabuni wala vocha, hajatuma hata elfu kumi kwa mama yake. Na tangazo lilisema awe na mvuto!

Mtu huyu anakwenda kazini kila siku akiwa anadaiwa. Ukimkuta mwezi wa tatu macho mazito, hana ari, usiseme vijana wa siku hizi wavivu. Piga kwanza hesabu uliyoniona nikiipiga hapa.

Mei Mosi ya mwaka 2025, hapo jirani zetu Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini kwa watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Kwa sekta binafsi kimepandishwa kutoka 275,060 hadi 358,322, kuanzia Januari 1, 2026, na kinatofautiana sekta kwa sekta. Nawashukuru waliolisukuma jambo hilo. Ila tusije tukakitumia vibaya. Kima cha chini ni sakafu. Aliyesoma miaka mitatu chuoni, ukampa funguo za kabati la hela na nywila ya akaunti ya mteja, usimlipe kana kwamba sheria imekuambia uishie hapo.

Na hili neno "maelewano". Nalichukia, nasema wazi. Maelewano yanataka watu wawili wenye uwezo wa kusema hapana. Kijana aliyetoka Ng'ong'ona kwa miguu, ambaye nyuma yake wamekaa wengine arobaini kwenye benchi, anaelewana nini na wewe? Unamuuliza "unataka shilingi ngapi?" Akitaja kubwa umemkata. Akitaja ndogo umemkamata. Mwajiri anajua bajeti yake tangu siku aliyofikiria kuajiri. Kuificha ni kumtoa mtu nauli, mhuri wa wakili na siku nzima, aje kuambiwa kitu ambacho kingeandikwa kwa mstari mmoja.

Haiwezekani? Fungueni matangazo ya Sekretarieti ya Ajira. Nafasi za kuanzia, zile za daraja la pili, kwa kawaida zinataja elimu inayotakiwa, majukumu, na ngazi ya mshahara: TGS hii au ile. Hazidai miaka mitano ya uzoefu. Ikiwa serikali yenye waombaji kwa maelfu inaweza kuandika hivyo, mimi mwenye bahasha mia tatu nina kisingizio gani?

Kuna mambo mawili nitayapitia haraka kwa sababu yameshaandikwa. Kifungu cha 7 cha sheria ile ile kinakataza ubaguzi, na kinamlinda hadi mwombaji wa kazi: jinsia, umri, ndoa, ujauzito, ulemavu, dini, kabila. Kwa hiyo "msichana asiyeolewa, mwenye mvuto" si mtindo wa kuandika tangazo, ni kuvunja sheria mchana kweupe. Na "kufanya kazi muda wowote" nako kuna mpaka: saa 45 kwa wiki, za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu. Mfanyakazi apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi, pamoja na mshahara. Mgogoro ukitokea, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo.

Wadogo zangu, na ninyi nina neno. Fildi yenu mliyofanya chuoni ni uzoefu, iandikeni kwa matendo: nilipanga vocha za malipo, niliingiza mauzo kwenye mfumo, nilihesabu stoo. Ukikubali kujitolea, omba barua siku ya kwanza, yenye tarehe na majukumu, wakati bado wanakuhitaji. Ukipigiwa simu ya usaili, uliza mshahara kabla hujalipa nauli. Uliza kwa adabu, lakini uliza, na asiyetaka kukujibu ameshakujibu. Na anayetaka umlipe ili upate kazi, awe anaiita fomu, kipimo au semina, huyo ni tapeli. Mkatie simu. Mama zenu wameshauza mbuzi wa kutosha.

Hamjashindwa. Nalisema hili kwa sababu nimewaona mnavyotoka kwenye ofisi zetu mkiangalia chini. Mtu akikwama kwenye mlango uliopimwa vibaya, tatizo ni mlango.

Sasa namalizia na karatasi ya pili. Hii ni ya kwangu, kesho asubuhi itakuwa imebandikwa mlangoni kwangu na kwenye ubao wa matangazo wa chuo kitakachoniruhusu. Nitaisoma yote, mwajiri mwenzangu anikosoe hapa hapa.

"Wanahitajika wasaidizi wa uhasibu wawili. Shahada au stashahada ya uhasibu. Uzoefu hauhitajiki, utafundishwa miezi mitatu na mtu aliyetajwa jina kwenye mkataba. Saa za kazi: saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Mshahara wa kuanzia shilingi 480,000 kabla ya makato, utaangaliwa upya baada ya miezi sita. Usilete vyeti vilivyogongwa mhuri, vivuli vya kawaida vinatosha. Waliojitolea mahali bila kupewa barua, waje na waeleze walichofanya. Watapewa hesabu ya kulinganisha, nusu saa."

Hiyo nusu saa nimeiweka kwa ajili ya binti wa Mpwapwa. Kama kuna anayemjua, aliyejitolea miezi kumi na minne mjini hapa kisha akaja kwenye usaili mwaka 2019 akiwa na viatu kwenye mkoba, mwambieni mama wa ile ofisi yenye mwarobaini nje anamtafuta.

Mshereheshaji, kipaza sauti hiki naomba kiende kwa waajiri wa mstari wa pili. Wengine wana matangazo yao mfukoni. Wayasome.